Mashini Yangu Ina Waganga Wengi

Kazi ya montaji ya video usiifungue Nyankunde. Fungua Komanda, fungua Mahagi, fungua hata Bunia penyewe katikati ya makelele ya pikipiki, maana kule mashini yako ikigoma watu watakupa pole na kwenda zao. Hapa hakuna wa kukupa pole. Hapa unapewa matibabu.

Sababu yake inajulikana. Katikati ya miaka ya 1960 Dokta Carl Becker, aliyekuwa amefanya kazi Oicha miaka mingi, alihamia hapa, Kituo cha Tiba cha Kiinjili kikaanza, na tangu hapo kila mtu kijijini ana mguu mmoja hospitalini. Asiye muuguzi ameoa muuguzi. Asiyeoa muuguzi anasomea ISTM, chuo cha tiba. Na asiye na lolote kati ya hayo amelala wodini vya kutosha kuyajua majina ya dawa kuliko majina ya wajomba zake. Kwa hiyo video ikianza kukwama kwenye kioo changu, mlangoni pameshasimama jopo la madaktari, na kila mmoja ameshatambua ugonjwa kabla hajavua kofia.

"Papa Montaji, hii iko na virusi."

Huyu ndiye wa kwanza, na hakosekani. Video inaruka: virusi. Sauti imetangulia midomo: virusi. Fleshi imejaa: virusi vimezaana. Nikimwambia si virusi, ananitazama kwa huruma, jinsi wanavyomtazama mgonjwa anayekataa kulazwa.

Ngoja nieleze jambo lenyewe, huenda nikapunguziwa jopo. Simu na kamera za siku hizi hazihifadhi kila picha nzima nzima. Zingefanya hivyo, kadi ya memori ingejaa kabla bibi arusi hajashuka garini. Mtindo unaoitwa H.264, na ndugu yake mdogo H.265 aliye mbahili zaidi, huhifadhi picha moja nzima, kisha zinazofuata huandikiwa mabadiliko tu: hapa mkono umesogea, pale jicho limefumba. Ukiangalia video kwa utulivu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mashini inajumlisha mabadiliko hayo bila shida. Lakini mtu wa montaji haangalii kwa utulivu. Anaruka mbele, anarudi nyuma, anasimama katikati ya kigelegele. Kila akisimama, mashini inabidi irudi kwenye picha nzima iliyo karibu, ianze kujumlisha upya hadi ifike pale alipo. Mashini yangu yenye memori ya giga 8 ikipewa kazi hiyo, na juu yake nyota zinazomeremeta ambazo familia imeziomba, inafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya. Inanyamaza.

Dawa ipo, tena si ya gharama. Unaiambia programu ikuonyeshe video kwa nusu ya ubora, au robo, wakati unakata. Hiyo ni ya kukuonyesha wewe tu. Video ya mwisho inatoka na ubora wake wote. Au unatengeneza nakala nyepesi za klipi zote, unafanya kazi na hizo, na siku ya kutoa video programu inarudi yenyewe kwenye zile nzito. Ni jambo la busara kabisa, mpaka mama mzazi wa bwana arusi asimame nyuma ya kiti chako.

"Papa! Umetia ukungu kwenye ndoa ya mtoto wangu!"

"Mama, huu ukungu ni wa kazi. Utatoka."

"Utatoka siku gani? Siku ya arusi jua lilikuwa linawaka!"

Namweleza habari ya robo ya ubora. Nilipotaja robo nikajua nimejichongea. Yeye alilipia nzima.

Kuna pia ule mstari mwembamba ambao programu ninayotumia inauchora juu ya klipi. Ukiwa kijani, kipande hicho kimeshapikwa, yaani mashini imeshakiandaa, kitachezwa laini. Ukiwa njano, huenda kitachezwa. Ukiwa mwekundu, usitegemee; kipike kwanza. Sasa jaribu kuwa na mstari huo mbele ya mwanafunzi wa uuguzi aliyetoka darasani asubuhi hiyohiyo kujifunza kupanga wagonjwa wa dharura kwa rangi. "Yaya, wekundu ndio wanaopita mbele. Mbona unahangaika na huyu wa kijani?" Na kusema kweli alikuwa sahihi. Ndiyo maana inaudhi.

Halafu wapo wa homa. Hawa nawaheshimu kidogo. Mmoja aliweka mgongo wa mkono chini ya mashini, akautoa haraka. "Iko na moto sana." Ndiyo. Prosesa ikichemka hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na video iliyokuwa inatoka kwa saa moja sasa inatoka kwa saa tatu. Ushauri wa kutoka mbali husema, weka kompyuta mahali penye hewa safi. Hewa safi tunayo, hata ya kugawia wengine, lakini wakati wa kiangazi inakuja na vumbi la barabara ya Marabo ndani yake. Vumbi hilo linaingia kwenye matundu ya feni, linakutana na nyuzi za blanketi, maana kuna jirani mmoja huazima mashini yangu na kuiweka kitandani kama mtoto mchanga, na vyote viwili vinajenga mkeka. Nautoa mkeka huo kwa unyoya wa kuku. Unyoya wa bawa, ule mrefu. Wa shingoni ni laini mno, unasukuma uchafu ndani. Kisha nainua mashini kwa vifuniko vinne vya chupa, kimoja kila kona, ili hewa ipite chini. Mchungaji wetu alipita siku moja, akaviona vile vifuniko, akainama kusoma. Ni vya soda. Narudia tena hapa kwa maandishi: ni vya soda.

Mshauri wa kwenye intaneti hana mchungaji wala vumbi. Amekaa mbele ya skrini tatu, nyuma yake kuna taa ya zambarau, anatabasamu: "Kwanza kabisa, pakua draiva mpya ya kadi ya grafiki." Ni kweli, programu isipoitambua kadi ya grafiki, kazi yote inamwangukia prosesa, na prosesa ataifanya kwa mwendo wa kobe. Lakini draiva yenyewe ni mamia ya megabaiti. Bando nililonunua liliishia njiani, na draiva iliyofika nusu haina faida kuliko ile ya zamani. Mwingine akaniambia video zangu za H.265 zinaonekana nyeusi, sauti tu inasikika, kwa sababu mashini haina kifaa cha kuzisoma, na kifaa hicho kinauzwa kwenye duka la mtandaoni chini ya dola moja. Dola moja ninayo. Hii hapa, iko mfukoni, haijachanika hata ukingo, maana ungechanika kidogo tu hata muuza vitunguu angeikataa. Niipitishe wapi? Nilete kadi ya benki, wananiambia. Nikaishia kwenye programu ya bure inayosoma kila kitu, na nawashukuru walioitengeneza, popote walipo na jua lao la umeme.

Maana umeme ndio kisa chenyewe. Mimi natumia sola mchana, na ikibidi jenereta usiku. Kutoa video ya arusi nzima kunataka mashini ifanye kazi kwa nguvu zake zote, saa kadhaa mfululizo, bila kupepesa. Betri ya sola haikuapa kiapo hicho. Basi asilimia 40, asilimia 70, asilimia 90. Mtu anapita dirishani, "Bado?" Bado. Asilimia 97. Halafu wingu linatoka upande wa mlima, betri inalia mara moja, na kioo kinakuwa cheusi.

Ukiwasha tena unakuta faili lipo. Lina giga tatu na kitu. Unalibonyeza, halifunguki. Unalibonyeza kwa programu nyingine, halifunguki. Mteja anasema, "Lakini ndani kuna kitu, ona uzito wake." Kitu kimo kweli. Arusi nzima imo humo, hadi nyimbo za kuingilia ukumbini. Ila faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni kabisa: picha hii iko hapa, sauti hii iko pale. Kazi ikikatwa kabla ya mwisho, faharasa haikuandikwa, na hakuna kichezeshi kinachojua kianzie wapi.

Siku hizi sitoi video nzima kwa mkupuo. Natoa kanisani peke yake, napumzika. Natoa ukumbini, napumzika. Natoa zawadi. Vikishatoka vyote, naviunganisha bila kuvipika upya, na kuunganisha huko ni kazi ya dakika chache. Wingu likija, linaondoka na kipande kimoja tu. Wateja wangu nao wameelewa kwamba anayetaka video yake kabla ya Jumapili alete esansi ya jenereta. Lita zinazotosha nazijua. Wanaoleta chupa ya maji iliyojazwa nusu wanajijua.

Kwaya ni ugonjwa wa peke yake. Arusi ina keki na mbuzi wa kumshughulisha mtazamaji, lakini kwaya ina midomo. Siku moja kwaya fulani ilirekodi wimbo vizuri studio, kisha wakaja kupigwa picha kwa simu ndani ya kanisa, wakiimba kufuatisha sauti iliyorekodiwa. Mwanzo wa wimbo, hamna neno. Katikati, midomo ya sauti ya kwanza inafunga mapema kidogo. Mwishoni kiongozi ameshateremsha mikono, ameshapangusa jasho, na wimbo bado una beti. Mwenyekiti wa kwaya akaniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina ugomvi na kabila lao.

Sina ugomvi na mtu. Simu ndiyo yenye ugomvi na giza. Kwenye mwanga mdogo, simu nyingi hupunguza idadi ya picha kwa sekunde ili kila picha ipate mwanga wa kutosha. Mtu akifungua dirisha, inaongeza tena. Basi ndani ya klipi moja una sekunde yenye picha 30, nyingine ina 24, nyingine ina namba ambayo simu yenyewe tu ndiyo inaijua. Programu nyingi za montaji zinatarajia mwendo mmoja tu. Zikipewa mwendo wa mlevi, zinahesabu vibaya, na kosa linakua kadiri wimbo unavyosonga. Kwa hiyo klipi za simu nazipitisha kwanza kwenye HandBrake, ambayo ni ya bure, naiambia iweke picha 30 kwa sekunde bila kuyumba, ndipo naziingiza kwenye montaji. Kazi hiyo inakula usiku mzima. Mwenyekiti anaita usiku huo uvivu.

Nami nina swali moja kwa makanisa yote ya Ituri: kwa nini dirisha la upande wa kwaya ndilo lenye pazia?

Lakini sitaki kuonekana kama mtu asiye na shukrani, kwa hiyo nitamtaja mganga mmoja aliyeniponya. Ni mzee, muuguzi aliyestaafu, mikono mikubwa, haongei ovyo. Alikuja kufuata video ya arusi ya binti yake, akanikuta nimeshika kichwa. Programu ilikuwa inakufa wakati wa kutoa video. Haitoi sababu, dirisha linafunga tu, unabaki unatazama picha ya maporomoko ya maji iliyo nyuma.

Hakuuliza habari ya virusi. Aliketi.

"Inakufia wapi?"

"Asilimia 63, Papa."

"Kila mara hapo?"

"Kila mara."

"Basi si umeme. Umeme hauna adabu ya kuja saa ileile." Akavuta kiti. "Mtu akija na tumbo, hatupasui. Tunabonyeza. Hapa inauma? Hapana. Hapa? Hapana. Hapa? Akiruka, ndipo hapo. Sasa wewe bonyeza."

Tukabonyeza. Nilitoa nusu ya kwanza ya ukumbini, ikapita. Nikatoa nusu ya pili, ikafa. Nikaigawa hiyo nusu, robo yake ya mbele ikapita, ya nyuma ikafa. Tukaendelea hivyo, mzee akihesabu kwa vidole juu ya goti, hadi tukabaki na sekunde kumi na mbili. Ndani ya sekunde hizo kulikuwa na picha moja ya mnato: marehemu babu wa bibi arusi, amekaa na fimbo. Familia ilikuwa imeipeleka picha hiyo mjini ikapigwa skana kwa ukubwa wa ajabu, maelfu na maelfu ya vidoti kwa upana, halafu wakaomba babu asogee polepole kuja mbele huku nyota zikimzunguka. Kila mara programu ilipofika kwake, memori ya kadi ya grafiki ilijaa hadi shingoni.

Nilimpunguza babu hadi upana wa vidoti 1920, ambao ndio upana wa video yenyewe, nikaondoa nyota, nikatoa video. Asilimia 63 ikapita kama vile haijawahi kuwa na kisa. Mzee akasimama, akaniambia, "Andika kwenye fishi yake." Nimeandika. Nina daftari sasa, kila mashini na kila kazi ina fishi: ilikufia dakika ipi, ilikuwa na klipi gani, nilibadilisha nini. Mara nyingi chanzo ni kile kile: picha kubwa mno, madoido yaliyorundikwa, klipi iliyonakiliwa nusu kutoka kwenye fleshi, au akiba ya muda ya programu iliyoharibika, ambayo ukiifuta inajitengeneza upya bila kinyongo.

Mzee pia aliomba apunguziwe bei kwa sababu ya konsultasyo. Nilimpunguzia. Ndiyo ada ya Nyankunde.

Kukabidhi nako kuna mambo yake. Familia nyingi zinataka video kwenye fleshi ili waichomeke kwenye televisheni. Televisheni nyingi za zamani zinasoma fleshi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32 tu, na mtindo huo haukubali faili moja lizidi giga 4. Piga hesabu mwenyewe: video ya megabiti 8 kwa sekunde inakula giga 3.6 kila saa. Maana yake baada ya saa moja na dakika kumi hivi, fleshi inasema basi. Na arusi za hapa zimepangwa kwa namna ambayo saa moja na dakika kumi ndipo hasa maarusi, baada ya kuingia ukumbini hatua moja mbele hatua mbili nyuma, wanaifikia gato, yaani keki. Kisu kimeshainuliwa. Faili limekwisha. Ndiyo maana arusi zangu zina Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2, na ndiyo maana wananiuliza kama natoza mara mbili.

Wengine wanakuja kuchukua fleshi yao "dakika mbili tu, niweke nyimbo", wakati kazi haijaisha na klipi ziko humohumo. Nikifungua programu nakutana na kioo chekundu kilichojaa maandishi ya lugha nyingi, Kijapani kikiwemo, yakisema kwa heshima kwamba video haipo. Fleshi ikirudi nayo ina herufi nyingine, ilikuwa E sasa ni F, na programu haimtambui mtoto wake. Inabidi umshike mkono umwonyeshe faili moja moja.

Hata hivyo wanaoniomba nakala tatu, moja ya kwao, moja ya Bunia na moja ya ndugu aliyeko Kampala, siwacheki. Watu waliokimbia mauaji ya hapa Septemba 2002, wakatembea kwa miguu msituni hadi Oicha na wagonjwa mabegani, hawakubeba albamu. Nina mama mmoja ambaye picha yake ya ndoa iko kichwani mwake tu, na ananieleza kitambaa kilivyokuwa. Kwa hiyo nakala nawatolea, na moja naiweka kwenye diski yangu bila kuwaambia, maana wakijua wataniita kituo cha hifadhi na hawatalipa tena.

Wiki hii nimemaliza arusi iliyonitoa jasho kuliko zote. Midomo inalingana na sauti. Babu yuko na ukubwa wake wa kibinadamu. Sehemu ya 1 inaishia kabla ya gato, si katikati ya kisu. Nimeijaribu kwenye televisheni ya jirani, ikacheza bila kukwama hata mara moja. Jioni akaja shangazi wa bibi arusi, ameitazama yote, amekunja uso.

"Papa Montaji, video ni nzuri. Lakini mbona mimi naonekana natafuna tu?"

"Shangazi, ndivyo kamera ilivyokukuta."

"Toa pale. Weka pale nilipocheza."

Nimerudi kuangalia klipi zote, hata zile nilizotupa. Wakati shangazi anacheza, kameramani alikuwa kwa mbuzi. Mbuzi amejaa kioo chote, na nyuma ya pembe lake la kushoto unaona kilemba cha kitenge kikipanda na kushuka. Nimemwonyesha. Amekitambua kilemba. Sasa anataka nimwondoe mbuzi.

Nimemtajia lita za esansi. Ameenda kutafuta dumu.